Madigadi ya nyuma ya pikipiki ya mtu mmoja: shajara ya urembo, Dodoma

Pikipiki yenyewe na kinachotafutwa

Chombo ni pikipiki ya muundo wa CG125, ule ulioanzishwa na Honda mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China. Kwa kazi hii sifa yake kubwa ni kwamba madigadi ya nyuma ni bati, si plastiki. Bati likibonyea linanyooshwa, likitoboka linachomelewa, na rangi ikikaa juu yake vizuri haibanduki.

Siti ndefu imetolewa na mahali pake pamewekwa siti ya dereva peke yake, yenye springi mbili nyuma. Keria na vishikio vya abiria vimetoka pia. Springi zimesimama juu ya kipande cha chuma kilichofungwa kwenye fremu, wala hazigusi madigadi. Hili lisemwe mapema kwa sababu wapo wanaozisimamisha juu ya bati moja kwa moja. Bati la unene wa milimita 1 halibebi uzito wa mtu kwenye matuta. Linapasuka kuanzia kwenye tundu la bolti, na hakuna urembo unaoficha ufa.

Baada ya siti ndefu kuondoka, karibu sentimita 70 za madigadi zimebaki wazi kuanzia chini ya siti hadi kwenye taa. Kiwandani sehemu hiyo ilitengenezwa ifichwe, ndiyo maana ina matundu, alama za kubana na rangi nyembamba. Sasa ndiyo sura ya nyuma ya pikipiki.

Mtindo wa siti moja na bati lililopunguzwa ulitoka kwa waendeshaji wa Marekani, na mistari myembamba ya brashi ilipata umaarufu huko California miaka ya 1950, hasa kwa mkono wa Kenneth Howard aliyejulikana kama Von Dutch. Mafuvu na miali ya moto ni vya kwao. Dodoma ina mzabibu: Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, kote huko zao hilo linajulikana. Na mzabibu unakubali brashi kuliko mmea mwingine wowote, kwa sababu kikonyo chake kinachojikunja tayari ni mstari unaoanza mnene na kuishia mwembamba. Michoro ya mapangoni ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, nayo ilifikiriwa. Lakini zile sura za watu warefu wembamba zinahitaji uso bapa. Kwenye mgongo wa madigadi zinavimba kiunoni na kupoteza umbo lao, kwa hiyo zimeachwa kwa ajili ya kava za pembeni.

Mapambo yatakuwa ya aina tatu tu: nati za kofia za stenlesi, mzabibu wa rangi, na ngozi ya katikati, yaani kipande cha ngozi kinacholala juu ya mgongo wa madigadi. Sharti lililowekwa juu ya yote ni kwamba hakuna tundu jipya. Kila kitu kishikwe na matundu ambayo madigadi imekuja nayo. Tundu jipya ni ukingo mpya usio na rangi, ni mahali ambapo mtetemo unaanzishia ufa, na siku mwenye pikipiki akitaka kurudisha keria, bati linakuwa limeharibika bure.

Rangi ya msingi inabaki nyeusi. Kadi ya usajili ina kipengele cha rangi ya chombo, na mistari michache juu ya rangi ileile haileti maswali.

Juni mwanzoni: kupima kabla ya kuvua

Kipimo cha kwanza ni nafasi kati ya tairi na bati shokabu zikiwa zimebonyea hadi mwisho. Wengi hupima pikipiki ikiwa imesimama, wanaona sentimita 10, wanafunga bolti ndefu, kisha kwenye tuta la kwanza lenye kishimo tairi linakwangua kichwa cha bolti.

Njia rahisi: pima urefu wa kile kijiti kinachong'aa cha shokabu kinachoonekana pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, kisha toa unene wa raba ya kuzuia iliyopo mwisho wake. Kinachobaki ndicho takriban kiasi ambacho gurudumu linaweza kupanda. Toa namba hiyo kwenye nafasi iliyopo kati ya tairi na bati pikipiki ikiwa bado kwenye stendi hiyo. Hapa imebaki milimita 38. Tumeweka kiwango: kichwa chochote kinachotokeza upande wa ndani kisizidi milimita 5, ili zibaki zaidi ya milimita 30 za nafasi ya udongo. Kiangazi hazihitajiki. Lakini kuanzia Desemba mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani, ule wa upande wa Bahi, unashikana kwenye tairi na kujaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu linagoma.

Matundu yaliyopo: manne ya milimita 8 ya keria na vishikio, mawili ya milimita 6 ya siti ya zamani, moja la waya, na matatu ya taa. Yale manne yamekaa kwa jozi: jozi ya mbele imeachana milimita 80, ya nyuma milimita 50, na kati ya jozi na jozi ni milimita 240. Hilo ndilo umbo la ngozi, limeshachorwa na kiwanda. Mawili ya milimita 6 yapo palepale shina la mzabibu linapopita, kwa hiyo yanazibwa.

Piga picha ya waya za taa kabla ya kuzichomoa. Kwenye pikipiki za muundo huu waya wa kijani ndio athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia fremu.

Juni: bati

Kuziba matundu kwenye bati jembamba ni kazi ya dakika chache inayoharibika kwa sekunde. Kipande cha bati la unene uleule kinakatwa kwa duara kikae ndani ya tundu bila kulegea. Nyuma yake kinagandamizwa kipande kinene cha shaba nyekundu. Shaba inanyonya joto na haishikani na chuma kinachoyeyuka, hivyo bati halitoboki zaidi. Elektrodi ya milimita 2.5 iliyozoeleka kwenye mageti na madirisha ni nene mno hapa. Tumia ya milimita 1.6 au 2, moto mdogo, na uguse kwa nukta: nukta moja, acha ipoe mpaka uweze kuigusa kwa mkono, kisha nukta ya upande wa pili. Anayezungusha moto mfululizo anapata bati lililojikunja kama karanga iliyokaangwa, na kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko ile ya kuziba.

Nukta zikishasagwa kwa grenda yenye kitambaa cha msasa, mabonde yananyooshwa kwa nyundo ndogo na chuma cha kukingia chini. Puti inakuja mwisho, na iwe chini ya milimita 2. Kwenye mlango wa gari puti nene inaweza kuvumilia. Kwenye madigadi inayotetemeka muda wote inapasuka pembeni, maji yanaingia chini yake, na baada ya mvua moja unaona kivimbe. Hadina ya puti, ile dawa ya kuigandisha, ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito. Joto la mchana wa Dodoma linafanya puti ikamate upesi, na kishawishi ni kupunguza hadina ili upate muda. Usifanye hivyo, kwa sababu isiyotosha inaacha puti laini ambayo baadaye inanywea na kuonyesha mipaka ya kiraka chini ya rangi. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kijiko kimoja kwa mara.

Upande wa chini umekwanguliwa hadi chuma safi palipokuwa na kutu, ukapakwa praima ya epoksi, kisha koti nzito ya lami ya kuzuia kutu, ile inayopigwa chini ya magari. Unene wa milimita moja na nusu unatosha. Faida yake haiko kwenye kutu peke yake. Changarawe ikirushwa na tairi inapiga bati kutoka chini, bati linaruka, na klia ya juu, yaani lile koti angavu linalofunika rangi, inapasuka kwa umbo la nyota ingawa hakuna kilichoigusa. Koti hiyo inameza pigo.

Juni mwishoni: rangi ya msingi

Mpango: praima ya epoksi, msasa namba 600 wa maji, rangi nyeusi ya besi makoti mawili, klia makoti mawili. Mzabibu unakuja juu ya klia hii, kisha klia ya pili inafunika kila kitu. Wengine huona ni kupoteza klia. Lakini mstari uliochorwa juu ya klia iliyokauka unafutika kwa kitambaa chenye tapentaini bila kugusa nyeusi iliyo chini, na mkono unapojua kwamba unaweza kufuta, unachora kwa utulivu.

Adui wa kwanza ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba Dodoma inapuliza, na vumbi jekundu linapenya kwenye chumba chochote chenye dirisha bovu. Upepo huamka jua likipanda, kwa hiyo kazi ya gani, ile bunduki ya kupulizia rangi, ifanyike asubuhi, baada ya baridi ya alfajiri kupungua na kabla ya upepo kushika kasi. Sakafu imwagiwe maji nusu saa kabla. Hewa ya kiangazi ni kavu sana, na kufuta bati kwa kitambaa kikavu kunalitia umeme tuli unaovuta vumbi. Funga waya kutoka kwenye madigadi hadi kwenye nondo iliyochomekwa ardhini.

Thina nayo ina msimu. Thina ya haraka kwenye joto kavu inayeyuka kabla rangi haijafika kwenye bati, na uso unakuwa wa mparuzo. Omba thina ya kukauka polepole. Tundu la gani milimita 1.3, hewa kiasi cha bar 2 kwenye gani, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila mpigo ufunike nusu ya ule uliotangulia. Kwa madigadi moja klia iliyokwisha kuchanganywa ya mililita 200 inatosha makoti mawili na inabaki.

Adui wa pili ni dawa ya kung'arisha matairi. Ina silikoni, na ikishafika kwenye bati, hata kwa kitambaa kilichotumika jana kwenye tairi, rangi inajitenga na kufanya vijishimo vya duara. Safisha kwa vitambaa viwili, kimoja chenye dawa ya kuondoa mafuta na kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla haijakauka. Ikikauka yenyewe, mafuta yanabaki palepale.

Hadina ya rangi na klia ina isosaianeti. Barakoa ya kitambaa, hata ile ya hospitali, haizuii kitu. Vaa ile yenye makopo ya mkaa na uhakikishe imebana uso. Mapafu yakishazoea kukataa kemikali hiyo, fundi hawezi tena kusogelea rangi ya hadina maisha yake yote.

Julai: mzabibu

Hii ndiyo sehemu iliyostahili muda mrefu kuliko zote, na ndiyo iliyopewa.

Klia ya kwanza imesuguliwa kwa msasa namba 800 na maji hadi mng'ao wote ukatoweka. Mstari wa katikati umepatikana kwa uzi uliovutwa kutoka katikati ya siti hadi katikati ya taa, ukawekewa alama za chaki. Usiamini mikunjo ya bati lenyewe. Madigadi nyingi za muundo huu zina upande mmoja ulio juu kwa milimita mbili au tatu, na mchoro ukifuata ukingo badala ya uzi, ukisimama nyuma unaona mzabibu umelala.

Mchoro umepangwa kwanza kwenye karatasi ya kaki, nusu ya kushoto tu. Karatasi imekunjwa katikati na kutobolewa kwa sindano kila milimita 3 kufuata mistari, hivyo pande zote mbili zinalingana kabisa. Karatasi inalazwa juu ya bati, na kifuko cha kitambaa chenye unga laini wa chaki nyeupe kinapigwapigwa juu yake. Ukiinua karatasi, nukta za mchoro zimebaki kwenye nyeusi. Puliza unga wa ziada, usifute.

Shina linaanza kwa jozi mbili za mistari chini ya siti, linapita pembeni mwa eneo la ngozi na kukutana nyuma juu ya taa. Majani ni matano kila upande, kila jani na ndewe zake tano kama lilivyo jani la mzabibu wa kweli. Vikonyo vinajaza nafasi. Vishada ni viwili tu, nyuma, pale macho yanapomalizia. Vishada vikizidi, vinageuka kuwa kitambaa cha meza.

Brashi ni ile ya manyoya marefu iliyokatwa kwa mshazari kama upanga. Inashika rangi nyingi tumboni na kuiachia kidogo kidogo kwenye ncha. Brashi ya kawaida ya mchoraji mabango inafaa kwa majani, lakini kwa mstari mrefu inakwisha rangi katikati na kuacha kiungo. Rangi ni ya mafuta ya mabango. Rangi ya besi imekataliwa kwa sababu inakauka kwenye nywele za brashi kabla ya mkono kufika mwisho wa kona, na kiangazi hiki ndiyo kabisa.

Rangi ya mafuta ina tatizo lake. Klia yenye thina kali ikipigwa juu yake inaweza kuinyanyua na kuikunja. Dawa ni tatu kwa pamoja. Tia matone machache ya hadina ya klia kwenye kikombe cha rangi ya mafuta, kiasi cha tone moja kwa kila kijiko cha chai, na uchanganye rangi ya saa moja tu kwa sababu itaganda. Acha mistari ikauke siku nzima. Kisha koti ya kwanza ya klia iwe ukungu mwepesi tu, uache dakika 15, halafu ndipo upige koti la maji, yaani la klia nyingi inayolowesha uso wote. Anayeanza na koti zito anaona mikunjo mbele ya macho yake na hakuna la kufanya isipokuwa kusugua yote.

Mkono: kidole kidogo kinatelezeshwa ukingoni mwa madigadi kama reli, na mwili wote unasogea, si kifundo cha mkono. Brashi iliyolala inatoa mstari mnene, ikiinuliwa mstari unakonda. Kwa vile vikonyo vinaanza vinene na kuisha vyembamba, kila kimoja kinachorwa kwa kuanza na brashi imelala na kumaliza imesimama, kwa pumzi moja. Kusimama njiani kunaacha fundo.

Mistari miwili iliyonyooka kando kando imesaidiwa na tepu. Tepu ya karatasi haifai kwenye kona, rangi inapenya chini yake. Tepu ya umeme iliyolazwa juu ya kioo na kukatwa kwa wembe vipande vya milimita 3 inakunjika vizuri na kuacha ukingo safi. Ing'olewe rangi ikiwa bado laini, kwa kuikunja nyuma juu ya yenyewe. Ukisubiri ikauke, ukingo unatoka na meno.

Zabibu hazichorwi kwa brashi. Kichwa cha msumari kilichosuguliwa kikawa laini kinachovywa kwenye rangi na kugusishwa kwenye bati, kinaacha tone la duara kamili. Misumari minne ya vichwa vya milimita 6, 5, 4 na 3 imetumika, mikubwa juu na midogo kwenye ncha ya kishada. Rangi ni zambarau iliyokolezwa nyeusi kidogo. Ikikauka, nukta ndogo nyeupe juu kushoto kwa kila tunda, zote upande uleule, kwa sababu jua ni moja. Tone likiwa nene mno linavimba na klia inapita juu yake bila kulifunika ubavuni, kwa hiyo gusisha mara moja kwenye karatasi kabla ya kugusa bati.

Julai mwishoni: klia ya mwisho

Makoti matatu: la ukungu, kisha mawili ya maji kwa nafasi ya dakika 15. Baada ya siku mbili imesuguliwa kwa msasa 1500 na 2000 wa maji, kisha kompaundi kwa mkono. Mashine kwenye kingo za madigadi inachoma klia hadi kwenye rangi kabla hujainua kidole.

Maji ya mwisho ya kusuuza yawe maji ya betri, yale yasiyo na chumvi wala asidi. Soma chupa, maana kwenye duka moja huuzwa pia yale makali. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi nyingi, na tone likikaukia juani kwenye klia changa linaacha duara jeupe ambalo kitambaa hakiliondoi.

Agosti: ngozi ya katikati

Ngozi ni ya ng'ombe, unene wa milimita 3, iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Miwati, inayolimwa Njombe, ni mojawapo ya miti yenye magome ya kazi hiyo. Ngozi ya viwandani iliyotengenezwa kwa kromu ni laini na inavutia dukani, lakini haishiki umbo ikilowanishwa na haikubali alama za kugonga. Muuzaji asipojua, jaribio lipo hapa chini.

Urefu ni milimita 300, mbele upana wa 110, nyuma 80. Kwa vipimo vya matundu yale manne, kutoka katikati ya kila tundu hadi ukingoni inabaki zaidi ya sentimita moja ya ngozi. Pungufu ya hapo ngozi inachanika.

Kuipa umbo: itumbukizwe kwenye maji vuguvugu hadi mapovu yaishe, ifungwe kwenye kitambaa mpaka rangi yake ya kawaida ianze kurudi juu, kisha ilazwe kwenye madigadi iliyofunikwa nailoni. Nailoni ni lazima kwa sababu ngozi hii ikiwa mbichi na ikagusa chuma popote, inapata doa jeusi lisilotoka. Inabanwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na kukaushwa kivulini. Jua la saa saba linaikausha juu wakati katikati bado mbichi, na uso unapasuka. Matundu yatobolewe baada ya kukauka, kwani ngozi inanywea.

Kushona ukingo ni urembo na pia ni kazi: unazuia ukingo usijikunje juu. Mstari umewekwa milimita 4 kutoka ukingoni, matundu ya shazia kila milimita 4, uzi wa poliesta wenye nta, sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Chukua uzi mara nne ya urefu wa mshono. Uzi wa pamba hapa unakufa kwa jua ndani ya msimu.

Kuhusu weusi. Hakuna rangi ya kopo iliyotumika. Stilwaya ya kusugulia sufuria imeoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta, ikawekwa kwenye lita moja ya siki nyeupe, kifuniko kikaachwa kimelegea kwa sababu inatoa gesi, hadi ilipoacha kutoa mapovu. Hesabu wiki mbili. Stilwaya iwe ile inayoshika kutu. Iache usiku kucha ikiwa imelowa, na kama asubuhi haina kutu, haifai. Maji hayo yakichujwa na kupakwa kwenye ngozi, yanakutana na dawa ya magome na ngozi inageuka nyeusi mbele yako, na weusi huo umo ndani, hauambukizi suruali. Ngozi ya kromu haigeuki hivyo, na hilo ndilo jaribio: tone moja kwenye kipande cha pembeni.

Siki inabaki kwenye ngozi na itaila taratibu. Suuza kwa soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Magadi ya kupikia maharage ni makali mno, yanaifanya ngozi iwe ngumu na yenye nyufa.

Mafuta: nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta ya nyonyo sehemu tatu, kwa uzito, yakiyeyushwa pamoja juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta safi ya Manyoni au Itigi ni bora, ilimradi imechujwa. Alizeti imejaa kanda hii na bei yake inashawishi, lakini mafuta yake yanakauka nusunusu hewani, yanaacha utando unaonata, na kwa vumbi letu ngozi inakuwa na ukoko mwekundu baada ya wiki. Mafuta ya nyonyo hayakauki.

Agosti: kufunga

Kichwa cha bolti kinakaa ndani, upande wa tairi, na nati ya kofia inakaa juu. Bolti ni za stenlesi za milimita 8, vichwa bapa vya mviringo. Mpangilio kutoka ndani kwenda juu: kichwa, washa ya raba, bati, utando wa plastiki angavu wa kulinda rangi, ngozi, washa ya shaba ya njano, nati.

Urefu wa bolti ndio unaokosewa sana. Nati ya kofia ina mwisho. Pima kina chake kwa kijiti. Hizi zina milimita 11. Vilivyomo katikati vinakaribia milimita 7. Bolti ya urefu wa 16 inaingia milimita 9 ndani ya nati na kubana sawasawa. Ya 20 ingegonga dari ya kofia kabla ya kubana: spana inasema imekaza, kumbe ngozi bado inacheza.

Ngozi yenyewe haitakiwi kubeba mkazo. Inanywea na kulegea, nati zinaanza kulia. Ndani ya kila tundu la ngozi, lililotobolewa milimita 10, imewekwa pete ya bomba la shaba ya urefu wa milimita 2.7. Washa inakalia pete, ngozi inabanwa kwa ule unene wa milimita 0.3 uliozidi, basi. Stenlesi kwa stenlesi hukwama na kuumana nyuzi. Tone la gundi ya nyuzi ya bluu linazuia hilo na linazuia kulegea pia. Raba ya ndani inalinda rangi. Stenlesi ikigusa chuma kilichokwanguka na maji ya mvua yakawepo, kinachooza ni bati.

Taa: waya zimepita kwenye tundu lake zikiwa na raba, balbu ni ya volti 12, wati 21/5 kama ya zamani. Taa ikikataa baada ya rangi mpya, angalia athi kwanza. Kwenye taa zinazopitisha athi kwenye bati, rangi imeikata njia. Kwangua duara dogo chini ya washa moja yenye meno na upake grisi. Kioo chekundu cha kuakisi na namba vimebaki mahali pake, na hakuna kikonyo wala ukingo wa ngozi unaovifunika.

Septemba: hali baada ya barabara za vumbi

Kila nati ilichorewa mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuvuka washa, ili kulegea kuonekane bila spana. Zote nne hazijasogea. Lami ya chini ina alama za changarawe, klia ya juu haina nyota hata moja.

Vumbi limeingia chini ya ngozi kutokea ukingo wa nyuma, kama ilivyotarajiwa, na utando wa plastiki umepata mikwaruzo wakati rangi iliyo chini yake ni safi. Kuziba ukingo kwa sponji au silikoni kumejadiliwa na kukataliwa: sponji inashika mchanga na kuwa msasa, silikoni inazuia maji kutoka. Ukingo unabaki wazi. Ngozi inafunguliwa kila inapooshwa kwa nguvu, bati linamwagiwa maji kabla ya kufutwa, na utando unabadilishwa ukichakaa. Upande wa mbele umeingizwa chini ya siti sentimita 2, hapo hapapiti kitu.

Washa za shaba zimeanza kupata ukijani upande unaogusa ngozi. Zimetolewa, zikang'arishwa na kupakwa klia pande zote mbili. Jozi ya nyuma bado haijarudishwa. Inasubiri klia ikomae wiki nzima ndipo ibanwe. Kilichobaki kabla ya mvua ni koti la pili la nta kwenye mshono, na kuongeza kipande cha mpira chini ya taa ili matope yasirudi juu kwenye vishada.